Wewe Si Mgonjwa, Mwaisha

Kuna daktari mmoja anatakiwa ashukuru kwamba Mwaisha ana roho nzuri kuliko mimi. Mimi ningemtaja jina, kliniki, na rangi ya geti. Mwaisha kakataa, kasema "ana watoto yule," basi tutamwita Dokta Athanas na maisha yaendelee. Ila mjue tu naandika hii nikiwa nimekunja sura.

Mwaisha ni fundi cherehani. Yuko Mwembesongo, Morogoro, kwenye fremu ya kushonea ya Dada Editha. Kazaliwa Kinole huko juu, kwenye karafuu na mdalasini, akashuka mjini akiwa msichana kuja kujifunza kushona, na hajarudi tena zaidi ya kwenda kusalimia. Sasa ana miaka thelathini na kitu. Mkono wake ni hatari. Mpelekee kitambaa na picha ya gauni kwenye simu, hata kama picha yenyewe imekatika miguu, atakushonea kitu kitakachokukaa kama umezaliwa nacho.

Shida haijawahi kuwa mkono. Shida ni kwamba gauni lako ataanza asubuhi, katikati atakumbuka suruali ya mtu, ataishika suruali, akiwa kwenye suruali ataona uzi umeisha, atatoka kwenda kununua uzi, atarudi na maembe. Jioni meza imejaa nguo na hakuna hata moja yenye vifungo. Futi anaitafuta fremu nzima kumbe inaning'inia shingoni kwake. Unamwongelesha, anakuangalia machoni kabisa, anaitikia "eeh, eeh," na hajasikia hata neno moja.

Mtaa mzima wanamwita Mwaisha Mapepe. Hata watoto. Na yeye anacheka, maana ukiitwa jina tangu mdogo unajifunza kucheka kabla ya wenzako.

Idi ya mwaka jana ndiyo iliyoharibu. Mteja wao mmoja, Sabra, alileta kitambaa cha kanzu mbili za watoto wake mapacha. Mwaisha akashona moja, ikatoka safi. Ya pili akaikata, akaiweka pembeni, na ikaishia kwenye furushi la vipande chini ya meza. Asubuhi ya Idi pacha mmoja kaenda msikitini na kanzu, mwenzake kaenda na shati la shule, analia njia nzima. Sabra alikuja pale fremu na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Editha si mkali. Ni Mmatengo wa Mbinga, mama wa kanisani, ana subira kuliko watu wengi. Lakini siku ile alimkalisha Mwaisha chini.

"Nakupenda. Unashona kuliko mimi. Lakini hii fremu ndiyo inanisomeshea watoto. Idi ijayo ikitokea tena hivi, hicho kiti nampa mtu mwingine."

"Sawa dada."

"Umenisikia au unaitikia tu?"

"Nimesikia."

Na alikuwa amesikia. Kwa sababu kile kiti ndicho kitu pekee alichonacho mjini hapa. Mume alishamwacha, sababu aliyotoa ni kwamba mke anaunguza maharage kila siku.

Sasa nisikilizeni alivyohangaika huyu dada, halafu mniambie kama hiyo ndiyo tabia ya mzembe.

Mjomba wake Salum, na kwa Waluguru kama wao mjomba ndiye mwenye sauti, alimpeleka kusomewa. Shehe akasoma weeee, akamwangalia, akasema: "Mama, huna kitu. Huna jini. Kalale mapema." Alikuwa mkweli huyo shehe, namheshimu. Akaenda hospitali ya umma, akapanga foleni tangu alfajiri, akaelezea kila kitu. Yule aliyemsikiliza akamuuliza ana mtu? Ana ndoa? Basi ni mawazo. Akapewa vitamini. Vitamini, ndugu zangu!

Aliyemfungua macho ni mteja, binti anaitwa Juliana, anasoma chuo cha Mzumbe. Alikuja kupunguza sketi, akakaa pale kusubiri, akamwangalia Mwaisha akizunguka na mkasi kama kuku anayetafuta pa kutagia, akamwambia, "Dada usinielewe vibaya, lakini wewe una ADHD." Akamwonesha video kwenye simu, mwanamke anaelezea: ubongo unaoshindwa kukaa sehemu moja, si uvivu, si ujinga, unazaliwa nao, na watu wazima wanao, na kuna dawa. Mwaisha anasema aliangalia ile video mpaka bando la yule binti likaisha.

Ndipo akaingia kliniki binafsi, kwa Dokta Athanas, ambaye anakuja Morogoro wikendi tu kutoka Dar. Ili akapimwe aliuza mashine yake ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo. Siwatajii bei. Jueni tu kwamba fundi anayeuza ovaloki ni kama dereva anayeuza usukani.

Kupimwa kwenyewe kulikuwa kichekesho. Maswali yote yametoka Ulaya, nesi anayatafsiri hapo hapo.

"Je, mara nyingi unajihisi kama unaendeshwa na mota?"

"Hapana," Mwaisha akajibu. "Cherehani yangu haina mota. Ni ya miguu."

Nesi akaandika "hapana." Naapa. Mpaka Mwaisha alivyoliona lile swali kwenye karatasi na kukumbuka ile video ndipo akasema ngoja, ngoja, mota ya rohoni? Hiyo ninayo! Ikabidi wafute.

Halafu wakataka mtu aliyemjua utotoni. Wakampigia mama yake Kinole, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Shikamoo mama. Mimi ni daktari, niko na Mwaisha."

"Marahaba baba. Kagongwa?"

"Hapana mama, mzima. Nataka kukuuliza, alipokuwa mdogo alikuwa anatulia?"

"Atulie? Huyo? Tunamweka alinde karafuu juani, mvua inanyesha karafuu zinaelea, yeye yuko mtoni. Tunamtuma chumvi anarudi na mtoto wa mbuzi."

"Kwa hiyo alikuwa na tatizo."

"Tatizo gani tena? Mwanangu hana tatizo. Ana meno yote. Kwani kafanya nini, kaiba?"

Dokta akacheka, Mwaisha akacheka, na hapo kwa haki ya Mungu nasema, Dokta alifanya kitu kizuri. Alifunga faili, akamtazama, akasema: "Dada Mwaisha, nikutoe wasiwasi. Ni ADHD kweli. Lakini wewe si mgonjwa. Huu si ugonjwa. Ubongo wako umeumbwa tofauti tu."

Mwaisha alilia pale pale. Fikiria mtu ameitwa mapepe maisha yake yote, halafu mtu mwenye koti jeupe anamwambia, wewe si mgonjwa. Alirudi na lile neno Mwembesongo kama kashinda bahati nasibu. Akamwambia Editha. Akampigia mama yake. Akamwambia mpaka muuza mkaa. "Dokta kasema mimi si mgonjwa!" Likumbukeni hilo neno, maana ndilo lililomponza.

Dawa ilikuwa kidonge kimoja asubuhi baada ya kula na kingine mchana baada ya kula. Kimoja kinakaa masaa machache tu kinaisha, ndiyo maana viwili. Na jamani, ilifanya kazi. Mwaisha anasema ilikuwa kama mtu kazima redio ambayo hakujua kwamba inaimba. Alikaa akashona gauni, akalimaliza, akalipiga pasi, akalitundika. Kisha akakaa analiangalia.

"Umemeza nini wewe?" Editha akauliza.

"Akili," Mwaisha akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Halafu Ramadhani ikaingia.

Mnaojua kazi ya fundi mnajua mwezi huo. Kila mtu anataka nguo ya Idi. Kanzu, abaya, madera, magauni ya watoto yenye malinda hata sehemu isiyohitaji malinda. Vitambaa vinafika kwenye dari. Huo ndio mwezi ambao kiti cha Mwaisha kilikuwa kinahukumiwa.

Na Mwaisha akafunga.

Najua mtakachoandika kule chini kwenye maoni. "Si aambiwe asifunge, mgonjwa karuhusiwa kula." Ndiyo, mgonjwa. Mgonjwa na msafiri na mjamzito. Yeye kaambiwa na nani kwamba ni mgonjwa? Kaambiwa kinyume chake, na mtaalamu, kwa pesa. Na asiye mgonjwa anafunga. Sasa hapo ujinga uko wapi?

Na kuna kingine alichonieleza mwenyewe, kikaniuma. Funga ndicho kitu pekee ambacho amewahi kuanza na kukimaliza. Shule hakumaliza. Ndoa ilimshinda. Lakini tangu binti mdogo kule Kinole, mwezi akiuanza anaumaliza, ukitoa siku zile ambazo kila mwanamke anaacha, na hizo alizilipa zote. "Hapo tu," aliniambia, "ndipo sijawahi kuwa mapepe."

Kwa hiyo akapanga vidonge vyake. Cha asubuhi akakihamishia kwenye daku, kabla ya adhana. Cha mchana akakihamishia kwenye futari. Aliona ni jambo la akili kabisa: viwili ni viwili, na vyote vinaliwa na chakula.

Hesabu haihitaji chuo kikuu. Kidonge cha daku kinaisha kabla hata fremu haijachangamka. Mchana kutwa, wakati wa kazi, kichwani redio imewashwa tena, na njaa juu yake, na kiu. Kidonge cha futari kinamwamsha wakati watu wanalala, anakodoa macho mpaka daku nyingine.

Akamwandikia Dokta WhatsApp. "Dokta dawa haifiki mchana."

Dokta akajibu: "Meza kimoja na nusu kila wakati."

Basi. Hakuuliza unameza saa ngapi wala umekula nini. Dada anaitwa Mwaisha, picha yake ya WhatsApp kavaa ushungi, mwezi mzima mji unanukia kashata na uji wa pilipili manga, na huyu bwana anapandisha dozi kama anaongeza sukari kwenye chai.

Akameza kimoja na nusu. Moyo ukaanza kumwenda mbio, na mchana bado ni ule ule. Akaandika tena. "Dokta bado, na usiku silali."

"Meza viwili kila wakati. Tuone."

Tuone! Anayeona ni nani? Wewe uko Dar, umekaa kwenye feni. Anayeona ni Editha, anamwangalia fundi wake mkono unatetemeka hadi sindano inaingia kidoleni. Siku moja alikata gauni la zambarau, kitambaa cha harusi cha mteja, akapitisha mkasi pale ambapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hapitishi. Kitambaa kikafa. Editha hakusema kitu. Alikikunja kile kitambaa taratibu akakiweka kwenye kabati, na Mwaisha anasema kule kunyamaza kulimtisha kuliko matusi ya Sabra.

Jumamosi iliyofuata akaenda kliniki. Amefunga, kavimba macho, midomo mikavu.

"Naona mikono," Dokta akasema.

"Inatetemeka. Na moyo unakimbia, Dokta. Na kazi sifanyi. Nitafukuzwa mimi."

"Asubuhi je?"

"Alfajiri niko vizuri sana. Nikifika kazini imeisha."

"Mwili wako unaitumia haraka. Tutapandisha tena kidogo, halafu nikuongezee na dawa ya usingizi." Akawa tayari anaandika. Akamwona anavyotetemeka, akachukua chupa ya maji pale mezani akamsogezea. "Hebu kunywa maji kwanza utulie."

"Nimefunga."

Kalamu ikasimama.

"Umefunga?"

"Si Ramadhani, Dokta?"

"Kwa hiyo... cha mchana unakimeza saa ngapi?"

"Kwenye futari."

"Na cha asubuhi?"

"Daku."

Mwaisha anasema Dokta aliangalia alichokuwa anaandika, akakikata kwa kalamu. Halafu akasema lile neno ambalo wote wanasemaga wakishikwa. "Sasa mbona hukuniambia?"

Na hapo ndipo Mwaisha Mapepe, aliyecheka na kila aliyemtukana tangu anatembea, alipopandisha hasira.

"Hukuniuliza! Uliniuliza kama naendeshwa na mota! Ulimuuliza mama yangu kama nilikuwa natulia! Mimi hukuniuliza hata nakula saa ngapi!"

"Dada, taratibu. Lakini si hata dini yenu inaruhusu mgonjwa..."

"Mgonjwa nani? Nilikaa kiti hiki hiki, ukaniambia mimi si mgonjwa. Nimeenda nimewaambia watu wote. Nimemwambia mama yangu. Leo mimi mgonjwa?"

"Ile nilisema ili usijisikie vibaya."

"Sasa hivi najisikia vizuri?"

Nesi alikuwa kachungulia mlangoni. Dokta akamwomba mashine ya presha. Ndugu zangu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anampima presha tangu aanze kumpandishia dozi. Mashine yenyewe betri imeisha, ikabidi waazime ya jirani. Presha ilikuwa juu.

Kwa haki yake, aliomba radhi. Akamwambia anashusha, arudie kimoja asubuhi na kimoja mchana, pale pale alipoanzia, na lazima ale, na kwa usingizi hahitaji kidonge kingine. Akasema kuna aina nyingine inayomezwa mara moja inakaa kutwa, ingeweza kusaidia mtu aliyefunga, ila kuipata ni shida na inataka kupangwa mapema. "Ningejua kabla ya mwezi kuanza," akasema.

"Nikikataa kula?"

"Basi tuache dawa mpaka Idi ipite."

Yaani achague. Afunge bila dawa, amalize mwezi kama miaka yote na apoteze kiti. Au ale mchana, ameze dawa, akae kwenye kiti chake, na avunje kitu pekee ambacho hajawahi kukivunja. Hilo chaguo hakuletewa na Mungu wala na ADHD. Aliletewa na swali moja ambalo mtu alikuwa mvivu wa kuuliza. Ndiyo maana nina hasira, na sitaki mnipoze.

Jumatatu akala.

Fremu ya Editha haina chumba cha nyuma. Iko wazi barabarani, meza hapa, watu wale pale. Saa sita mchana Mwaisha alitoa chapati, akamimina chai, akameza kidonge chake mbele ya Mwembesongo nzima. Angeweza kujificha chini ya meza kama wengine, tunawajua. Hakutaka. Alisema akijificha ataonekana anaiba.

Haikuchukua muda. Rehema, mteja wa abaya, alifika akamkuta na kikombe mdomoni.

"Heee! Mwaisha! Kobe!"

Kobe ndio jina la anayekula mchana wa Ramadhani, kwa wasiojua. Vijana wa bodaboda wakalidaka hapo hapo. "Kobe huyooo! Toa kichwa kobe!"

"Naumwa," Mwaisha akasema.

"Unaumwa nini, mbona unashona?"

"Kichwa."

"Kichwa si unameza panadol tu?"

"Ndiyo nameza hapa, huoni? Abaya yako ya mikono mipana au ya kubana?"

Editha akadakia kutoka kwenye mashine yake, "Mimi mwenyewe niko kwenye Kwaresma na nakunywa chai. Niiteni na mimi basi. Nyie vijana, na ile harufu ya chipsi nyuma ya kijiwe chenu ni ya nani?"

Vijana wakawasha bodaboda zao.

Mjomba Salum naye alipiga simu jioni, habari ilishapanda mlima kabla ya mgeni yeyote. "Nasikia unakula." "Ndiyo mjomba, shikamoo." "Marahaba. Si ulisema huumwi?" Mwaisha akamwambia ukweli: "Mjomba, daktari aliniambia siumwi, akanimezesha dawa za mgonjwa. Nimeamua naumwa. Siku nitazilipa, zote." Mjomba akasema, "Mwambie huyo daktari akija Kinole asipite kwangu." Mimi hilo nimelipenda kuliko fatwa.

Haikuwa muujiza. Siku za kwanza bado alitetemeka kidogo, na mara moja alisahau pasi. Lakini usingizi ulirudi, mikono ikatulia, na wiki ya mwisho, ile ambayo mafundi wengine huzima simu, Mwaisha alikuwa anatoa nguo. Kanzu, abaya, yale magauni ya malinda. Alilia mara moja tu, jioni moja, aliposikia adhana ya magharibi na watu wote wanafungua naye hana cha kufungua. Alijifuta na kipande cha kitambaa akaendelea kupindia.

Siku ya kuandama mwezi mteja wa mwisho aliondoka na mfuko wake, na kamba ya kutundikia ikabaki na hanga tupu. Mwaisha akasimama. Akaanza kufagia vipande, taratibu. Editha akafungua kabati. Akatoa kile kitambaa cha zambarau kilichoharibika, akakitupa mezani.

"Mwenye hiki nilimnunulia kingine. Nimekasirika sana, usidhani sijakasirika."

"Najua dada."

"Ila namdai daktari wako, sikudai wewe. Mwambie hivyo hivyo."

"Nitamwambia."

Editha akaingiza mkono tena kabatini, akatoa marobota ya kitambaa cheupe, akayabwaga juu ya kile cha zambarau. "Haya ya Pasaka na komunyo. Wanakuja kupima keshokutwa ukitoka kula Idi."

Mwaisha akabaki na fagio mkononi. "Kwa hiyo nabaki?"

"Unanipotezea muda wewe. Shika futi, tupime hivi vitambaa kabla umeme haujakatika."